Daftari Lilipogeuzwa

Desemba iliyopita mjukuu wangu, aliyeko chuoni Dodoma, alinitumia picha ya ukurasa alioupamba kwa kalamu za rangi. Yalikuwa malengo yake ya mwaka mpya, kumi na mawili, kila moja na kiduara chake cha kuweka tiki. Kupunguza uzito. Kuweka akiba. Kusoma vitabu 24. Kuachana na marafiki wasio na faida. Chini yake akaandika: "Bibi, na wewe weka yako. Najua enzi zenu haya mambo hayakuwapo."

Hayo maneno ya mwisho yaliniuma. Yalikuwapo, mjukuu wangu. Niliyaona nyumbani kwetu Ukerewe, katika duka moja la bati kandokando ya njia iendayo gatini Nansio. Mwaka jana nilipita pale nikakuta limevunjwa, hata sakafu imeng'olewa.

Mwenye duka jina lake naliacha, wanawe wapo. Alikuwa mtu mfupi, mpole wa sauti, mkali wa mizani. Duka lake ulilinusa kabla hujaliona: mafuta ya taa, sabuni ya mche, na dagaa waliokuwa kwenye magunia nyuma ya mlango. Harufu hiyo iliingia hata kwenye chumvi. Mpaka leo nikifungua chupa ya mafuta ya taa namwona amesimama nyuma ya meza yake ya mbao, kalamu sikioni, daftari mbele yake.

Daftari lile ndilo lililotutawala. Lilikuwa refu, jalada gumu jeusi, limefungwa kwa uzi wa nyavu. Pamba ilikuwa haijauzwa, samaki hawajapatikana, lakini kibatari lazima kiwake, kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa mle ndani. Wanawake wengi hawakujua kusoma, naye alimpa kila mmoja alama yake. Mmoja chungu, mwingine kuku, mama yangu jembe. Chini ya jembe alichora vitu vilivyokopwa: kiberiti, chupa, kipande cha sabuni. Mwisho wa mwaka alimsomea mtu deni lake kwa sauti, mtu akalipa alichonacho, kilichobaki akakikubali kwa dole gumba. Kulikuwa na kidau cha wino wa zambarau. Mama akirudi nyumbani alikuwa anasugua kile kidole kwa majivu mpaka kinakaribia kuchubuka.

Daftari siku zote lilimtazama yeye mwenye duka. Wateja waliliona kichwa chini miguu juu.

Redio ilikuwa yake pia. Usiku wa kuamkia mwaka mpya aliiweka mezani, watu wakajaa mpaka nje, kumsikiliza Mwalimu Nyerere. Usiku mmoja wa namna hiyo Mwalimu akautangaza mwaka unaoingia kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Nimeangalia tarehe: ni 31 Desemba 1969. Mama alishikilia mpaka mwisho wa maisha yake kwamba ulikuwa mwaka aliozaliwa mdogo wangu wa tatu, na mdogo huyo alizaliwa baadaye. Sikubishana naye. Yeye ndiye aliyesimama pale na mtoto mgongoni, akasema mbele ya watu wote, "Basi mimi mwakani naliandika jina langu humu. Sitaki tena kupakwa wino."

Hilo ndilo azimio la kwanza la mwaka mpya nililolisikia kwa masikio yangu. Nilikuwa na umri wa miaka minane.

Madarasa yalikuwa jioni, chini ya mwembe wa shule. Watu waliyaita ngumbaru, na watoto tulicheka tulipowaona mama zetu wamekaa chini wameshika kalamu kama mwiko. Naona aibu kulikumbuka hilo. Mwalimu wao alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, aliyewaamkia kila mmoja shikamoo kabla ya kuwasahihisha. Mwanza kulikuwa na mradi mkubwa ulioungwa mkono na UNESCO, wa kisomo chenye manufaa: mtu alijifunza herufi kwa kusoma habari za pamba, uvuvi na chakula cha watoto, mambo aliyokuwa akiyafanya mchana kutwa. Nyumbani Mama aliandika kwa mkaa ukutani, karibu na mafiga, nami nikimwonyesha. Herufi iliyomsumbua ni G. Aliichora ikawa kama ndoano, akaifuta kwa kiganja, akaichora tena, ugali ukaungua.

Mwaka huo hakufaulu. Palizi ilimshika, mtoto akaugua, akakosa darasa miezi mizima. Desemba alikwenda dukani na kidole chake. Mwenye duka alishika kidau cha wino, akamtazama, akamwuliza taratibu, "Shemeji, vipi ile kalamu?" Hakumcheka. Aliuliza tu, na waliokuwa kwenye foleni wakangoja jibu. Mama akasema, "Bado. Mwakani." Akapakwa wino.

Kisha Ukerewe ikawa miongoni mwa wilaya sita zilizotakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma kabla ya mwisho wa 1971, na hapo hapakuwa na pa kujificha. Balozi wa nyumba kumi aliuliza. Shangazi aliuliza. Mama akikutana na yule kijana mwalimu njiani, alianza yeye kumweleza kwa nini jana hakuonekana.

Desemba ya 1971 nilikwenda naye. Mwenye duka alifungua uzi wa nyavu, akatafuta ukurasa wenye jembe. Halafu akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kwa mteja yeyote. Akaligeuza daftari. Mama akayapitia madeni yake kwa kidole, mstari kwa mstari, akinong'ona, kwa muda mrefu sana. Mtu mmoja nyuma akaguna, mwenye duka akamwambia anyamaze. Mama akaandika jina lake, herufi kubwa zote. Kidau cha wino hakikufunguliwa.

Mwaka 1967 karibu theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma. Kufikia 1986 walikuwa takriban mmoja kati ya kumi. Kila nikiziona tarakimu hizo nalikumbuka lile daftari.

Yaliyofuata mnayajua. Sabuni ikaadimika, daftari likafungwa kwa kuwa hakukuwa na cha kukopesha. Tukaingia kwenye mikesha ya makanisani, ahadi zikawa siri kati ya mtu na Mungu wake. Halafu semina za hotelini, za kiingilio, ambako mtu usiyemjua anakuambia utajirike. Halafu simu.

Sina ugomvi na malengo ya vijana. Ugomvi wangu ni kwamba yanaonwa mtandaoni na watu 400 na hakuna hata mmoja atakayeyauliza mwezi wa tatu. Wanabonyeza moyo, wanapita. Mama alisema lake mbele ya watu wasiozidi thelathini, na wote walikuwa na haki ya kumsimamisha njiani. Nakasirika zaidi nikiona hapa Mwanza, mtaani kwangu, wanawake wananiletea karatasi za mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, niwasomee, wakati tayari wameshazitia sahihi. Madarasa ya jioni yamekufa katika mitaa mingi, na karatasi ya mkopeshaji inamtazama mkopeshaji, kama zamani.

Mjukuu wangu nimempigia. Nimemwambia afute kumi na moja, abakize moja, anitajie kwa mdomo wake. Amechagua akiba. Mwisho wa kila mwezi nampigia namwuliza. Machi alisema bado.