Tulikuwaka

Kiswahili chetu cha Kivu kina kiambishi ambacho vitabu vya sarufi vya shuleni havikitaji: -ak-. Mtu wa Kitshanga akikumbuka zamani hasemi tu "tulikuwa". Husema "tulikuwaka". Kiambishi hiki kina ndugu wengi. Lingala ina -ak-, Kinyarwanda kina -ag-, na hata Watanzania wa bara husema "nafanyaga" na "anaendaga", ingawa mwalimu akiwasikia huwakosoa. Darasani tunakiita alama ya mazoea. Lakini hapa kwetu, kwa jinsi ninavyosikia, kina kazi ya pili: kinalisukuma jambo mbali nyuma, kwenye wakati uliokwisha kufungwa. Kazi hiyo ya pili niliisikia wazi nilipomrekodi Koko, baba yake mama yangu, akisimulia tamasha la muziki la Kinshasa la mwaka 1974.

Tamasha hilo, Zaire 74, lilipigwa usiku tatu, kuanzia tarehe 22 hadi 24 Septemba, katika uwanja wa 20 Mai, ambao leo unaitwa Tata Raphaël. Waliolipanga ni Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, na mwenzake Stewart Levine wa Marekani, ili liende pamoja na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Siku chache kabla, Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, na pambano likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba. Muziki haukusogezwa. Wakapanda jukwaani James Brown, B.B. King, Bill Withers, Miriam Makeba, Celia Cruz na kundi la Fania All-Stars. Na wenyeji wakawapokea kwa Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley Rochereau, Abeti Masikini na Zaiko Langa Langa.

Koko alikuwa na miaka 20. Alikuwa boi katika nyumba ya mkubwa mmoja mwenye asili ya Kivu, na tikiti aliipata kwa sababu mkubwa huyo alichoka baada ya usiku wa kwanza. Lingala yake ilikuwa ya sokoni tu, Kifaransa alikuwa hana, na Kihispania alikuwa hajawahi kukisikia. Lakini anasema Celia Cruz alipoanza kuimba, vijana waliokuwa karibu naye walicheza kama waliozaliwa katika wimbo ule. Si ajabu. Santuri za Kuba zilikuwa zimeingia Kongo miaka mingi kabla, na rumba yetu ilinyonya hapo. Wageni walileta kitu ambacho wenyeji walikuwa nacho tayari nyumbani.

Nimeyasikiliza masimulizi yake mara nyingi, nikihesabu vitenzi. Safari, nyumba ya mkubwa, umati mlangoni: vyote vina -ak-. "Tulikuwaka batu bengi, mujukuu. Tulisukumanaka." Kisha anafika kwa Miriam Makeba, na kiambishi kinapotea. "Mama Makeba anaingia. Anasimama. Batu bananyamaza." Hapo yuko uwanjani. Akifika kwenye pambano la ndondi, anabadilisha tena: "tulisikia." Pambano hakuliona, maana kufikia Oktoba alikuwa amekwisha kurudi Kivu, na wala hajaribu kujiweka pale.

Hilo lina uzito kwangu, kwa sababu wako watu katika ukoo wetu wanaosema Koko hakuwahi kufika uwanja ule. Picha pekee aliyokuwa nayo ya Kinshasa iliungua pamoja na nyumba katika mapigano ya 2013, yaliyoteketeza sehemu kubwa ya Kitshanga. Shahidi hana. Nami najua kwamba sarufi si hati ya mahakama: mtu anaweza kudanganya kwa wakati uliopo kama kwa wakati uliopita. Lakini mtu anayetunga sifa zake, kwa nini aliache lile pambano, tukio ambalo dunia nzima inalijua, na kusema wazi kwamba alilisikia tu?

Nilimletea filamu ya Soul Power ya mwaka 2008, iliyotengenezwa kwa picha zilizopigwa siku zile. Tuliitazama kwenye simu yangu. James Brown alipoonekana, Koko hakuonyesha kushtuka. Kila kamera ilipogeukia watu, alisogeza uso karibu na kioo. Nilimuuliza, "Koko, unajitafuta?" Akasema, "Hapana. Niko naangalia namna tulikuwaka."

Nikamwomba anieleze. Akasema mle uwanjani alisimama kati ya mtu wa Bandundu na mtu wa Kasai, na hakuna aliyemuuliza kwao wanasema lugha gani. Anajua vizuri kwamba Mobutu alikuwa na mkono mzito, na kwamba sherehe ile ilikuwa yake pia. Hamsifu. Lakini sisi tuliozaliwa Masisi baada ya vita vya 1993 tumekua tukijua kwamba neno moja la lugha ya nyumbani, likisikika kwenye bariyeri mbaya, linaweza kumponza mtu. Mimi ninasomea lugha hizi hizi. Ninazipanga katika majedwali, hili la Kihunde, hili la Kinyabwisha, hili la Kinande, na kila nikirudi nyumbani kwa likizo nakumbuka kwamba wako watu wanaozipanga kwa nia nyingine.

Ndiyo maana -ak- ya Koko inaniuma. Angeweza kusema "tulivyokuwa", na mwanafunzi wa Kiswahili sanifu angeridhika. Alichagua umbo linalofunga mlango nyuma ya wakati ule. Hata hivyo, usiku wa Makeba ameuacha wazi, katika wakati uliopo.

Rekodi ninazo, dakika 94, nimezihifadhi sehemu tatu tofauti, maana hapa nyumba zinaungua. Katika unukuzi sikusahihisha hata kitenzi kimoja. Mhariri akitaka kufuta -ak- ya kichwa cha makala haya, namwomba kwanza aje Kitshanga amuulize Koko.