Kisiwa Kina Wenyewe: Mikasa ya Visiwani katika Michezo ya Kuigiza, Ughaibuni na Pwani

Mchezo wa kuigiza wahusika, kwa maana iliyokusudiwa hapa, ni mchezo wa mezani ambamo watu wachache huketi pamoja, kila mmoja akavaa nafsi ya mtu wa kubuni, awe mchawi, mwizi, askari au mganga, na mmoja wao, anayeitwa mwendesha mchezo, akawasimulia ulimwengu waliomo, akawauliza watafanya nini, kisha akaiachia dadu, hasa ile yenye pande 20, iamue kama walilokusudia limefaulu. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Vijana wa Kiswahili wanaokulia London au Toronto hukutana nao shuleni na vyuoni, na hawakawii kufikia kisa kinachopendwa sana na waendesha michezo wa huko, yaani kile ambacho mashujaa waliochoka na vita hupelekwa kupumzika katika kisiwa cha joto chenye minazi na mchanga mweupe, na mapumziko hayo yakageuka balaa.

Kigezo cha visa hivyo kiliwekwa na The Isle of Dread, kijitabu cha David Cook na Tom Moldvay cha mwaka 1981, ambacho wengi walikipata bila kukitafuta kwa kuwa kilitiwa ndani ya sanduku la kanuni za wachezaji waliokwisha kupanda daraja. Wahusika hupata ramani ya kisiwa cha mbali, lakini kilichochorwa ni ufuo tu; sehemu za ndani zimeachwa nyeupe, zikagawanywa vyumba vya pembe sita, na kila chumba hujazwa pale wahusika wanapokikanyaga kwa miguu yao. Kinachowangoja huko huamuliwa kwa sehemu na majedwali ya makutano, ambayo ni orodha za wanyama na maadui zilizotiwa namba, mwendesha akarusha dadu ili ajue nani atatokea vichakani siku hiyo, na mara nyingi anayetokea ni dinosauri. Wenyeji wapo, wanaishi katika rasi iliyokingwa kwa ukuta mkubwa, ukuta ambao yeyote aliyeiona filamu ya King Kong ya mwaka 1933 atautambua mara moja, ila kazi yao katika kisa ni kuwapa wageni chakula, habari na sababu ya kuvuka ng'ambo ya pili ya ukuta huo.

Si haki kukibeza kijitabu hicho. Kumkabidhi mchezaji karatasi nyeupe na kumwambia aijaze mwenyewe ni jambo ambalo masimulizi ya Pwani hayajawahi kulifanya, kwa sababu msimuliaji wa hadithi za usiku anakijua kisa mwanzo hadi mwisho, na msikilizaji, hata akiitikia kwa sauti kubwa namna gani, hana uwezo wa kumzuia sungura asiingie shambani. Lakini weupe wa ramani una nasaba yake. Umetoka katika Robinson Crusoe ya mwaka 1719 na Treasure Island ya mwaka 1883, vitabu vilivyomzoesha msomaji wa Ulaya kukiona kisiwa cha kusini kama mahali pasipo mtu, au penye watu wasiohesabiwa, panapomsubiri mgeni afike ndipo pawe na historia. Visa vya karibuni vimejirekebisha kiasi. Tomb of Annihilation ya mwaka 2017 ina mji wa bandari unaotawalwa na wafanyabiashara wenyeji, wenye siasa na fitina zao, na mwaka huohuo ulitoka mchezo wa ubao uitwao Spirit Island, ambao wachezaji wenyewe ni mizimu ya kisiwa wanaoshirikiana kuwafukuza walowezi. Hata hivyo mazoea ni magumu kuyaacha, na mwendesha anayetunga kisa cha likizo ya kisiwani kwa haraka ya Ijumaa jioni bado huanza na jahazi lililovunjika na ufuo mtupu.

Katika masimulizi ya mwambao wa Kenya na Tanzania ufuo mtupu haupo. Kisiwa kisichokaliwa na watu kina wavuvi wanaokwenda kupiga dago, yaani kuweka kambi ya muda wakati wa msimu wa samaki, na pale ambapo hata wavuvi hawapo, pana pango au mbuyu wenye mzimu, ambao ni roho mwenye mamlaka ya mahali, na anayefika hutarajiwa kupiga hodi kabla ya kukata mti au kuchota maji. Hapo ndipo tofauti kubwa na jedwali la makutano inapoonekana. Jini wa kitabu cha ughaibuni ana idadi ya pointi za uhai, na akizimaliza hufa. Jini wa Pwani hafanyiwi hesabu hiyo, bali huulizwa jina lake, atokako na anachotaka, kisha akapatanishwa kwa ubani, marashi ya waridi, halua au ngoma. Mwendesha anayelielewa hili anapata makutano marefu ya mazungumzo badala ya pigano la dakika chache, na zaidi ya hayo anaepuka aibu ya kuwafanya waganga wa Pemba, ambao wana jamaa zao wa kweli Uingereza na Oman, kuwa maadui wa kuchinjwa mezani.

Jambo la pili ambalo visa vya ughaibuni hulidharau ni wakati. Kisiwa cha kitabuni huendeka siku yoyote. Kisiwa cha Pwani kina milango inayofunguka na kufungwa, kwa maana bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa huweza kufika mita 4 hivi katika visiwa vya Zanzibar, ilhali siku za maji mafu, katikati ya vipindi hivyo, bahari husogea kidogo tu. Juu ya hayo kuna pepo za msimu: kaskazi, inayovuma takriban Disemba hadi Machi na ambayo kwa karne nyingi ilileta vyombo kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi, na kusi, inayofuata baadaye na kuvirudisha. Nahodha aliyechelewa kung'oa nanga hakuwa na la kufanya ila kukaa hadi msimu ugeuke. Kisa kizuri cha mapumziko kinaweza kujengwa juu ya ucheleweshaji huo peke yake: mashujaa walifika kwa wiki moja, upepo ukawakimbia, na sasa wana miezi ya kuishi katika nyumba ya watu. Siku mbili za kwanza ni wageni. Baada ya hapo watapewa jembe, kama desturi ya ugeni inavyojulikana na kila mtu, wataingizwa katika ugomvi wa mashamba, wataposewa au kuombwa washenga, na itakapoanza kuvuma kusi huenda wengine wasitake kupanda chomboni.

Kuhusu hazina ya visa vilivyokwisha kutungwa na historia yenyewe, Kilwa Kisiwani inatosha kwa mchezo wa mwaka mzima. Habari za kale za Kilwa, zilizohifadhiwa kwa Kiarabu na pia kusimuliwa na João de Barros wa Ureno katika karne ya 16, zinaeleza kwamba Ali bin al-Hassan, mgeni aliyetoka Shirazi, alikinunua kisiwa kwa mtawala wa bara kwa bei ya nguo za kutosha kukizunguka. Muuzaji alipokwisha kupokea nguo na kuvuka kwenda bara, alikusudia kurudi na jeshi maji yakupwapo, kwani wakati huo watu walivuka kwa miguu. Mnunuzi naye akachimba mkondo, maji yakajaa na hayakutoka tena, na jeshi likarudi lilikotoka. Wapo wasimuliaji wanaosema kazi hiyo ilifanywa kwa kisomo na kafara, si kwa majembe, na kwa mchezo wa kubuni simulizi hiyo ni tamu zaidi. Wachezaji wapewe kazi ya mawakili wa mnunuzi. Swali la kwanza litakalowakabili halimo katika kitabu chochote cha kanuni: ufuo upimwe wakati gani? Siku ya bamvua, maji yakikupwa, kisiwa hupanuka kwa fungu na miamba isiyoonekana maji yakijaa, kwa hiyo muuzaji atataka nguo zitandazwe saa hiyo, na mnunuzi atataka kungoja. Na kati ya saa hizo mbili kuna majora mengi ya nguo, wazee wa pande zote, na bila shaka mtu mmoja anayekata kitambaa usiku.

Pemba, katika pwani yake ya mashariki, yapo magofu ya Pujini, ngome inayonasibishwa na Mkama Ndume, mtawala ambaye masimulizi yanamtaja kwa ukatili. Ndani yake kuna chumba cha chini ya ardhi chenye nakshi ya siwa, ile baragumu ya enzi, na pana kisima ambacho watu husema kilitiwa ukuta katikati ili wake wawili wa mtawala wachote maji bila kuonana, mmoja akishuka ngazi na mwingine akitumia kamba na ndoo. Mwandishi wa ughaibuni angekishukia chumba cha chini mara moja, maana jina lenyewe la mchezo wake linatokana na magereza ya chini ya ardhi. Mtunzi mwenye sikio la Pwani angebaki kisimani. Wanawake wawili wasioonana lakini wanaosikiana kupitia maji, huku kila mmoja akiwa na ujumbe wa kumfikisha mgeni aliyefika kutembea, ni kisa chenye hatari kuliko mtego wa mishale, kwa sababu upanga hauna nafasi ndani yake.

Misali, kisiwa kidogo magharibi ya Pemba, kinatajwa katika hadithi za watalii kuwa maficho ya hazina ya Kapteni Kidd, aliyenyongwa London mwaka 1701, na kila mwendesha mchezo angekimbilia sanduku hilo la dhahabu. Wavuvi wana hadithi nyingine, ya Nabii Khidhri aliyewaomba msala wa kuswalia, na walipokosa akakifanya kisiwa chenyewe kuwa msala, kwa kuwa kimeelekea kibla. Mkasa wa kufaa hapa ni wachimbaji hazina wanaofika na mashine zao mahali ambapo mali yenye thamani iko majini, katika matumbawe na mapito ya samaki, na wachezaji wakawekwa upande wa dago. Ikumbukwe pia kwamba neno mapumziko, kwa sehemu kubwa ya vijana wa Unguja, ni jina la ajira: wao ndio wanaotandika vitanda na kuendesha boti. Kikao kimoja ambacho wahusika ni wapishi, manahodha na walinzi wa nyumba ya wageni, na mashujaa mashuhuri ni wateja wao wasumbufu, kingewafaa sana wachezaji waliozoea kuhudumiwa.

Linabaki suala la kanuni, na hapa mchezo wa nyumbani una la kukopesha. Katika vitendawili, mtegaji husema kitendawili, wenzake hujibu tega, na wakishindwa kutegua huambiwa watoe mji. Hutaja mji mmoja, mtegaji akaukubali au akaukataa, na akisharidhika ndipo akatoa jibu. Mji hapo ni malipo ya maneno tu, lakini mwendesha mchezo wa kisiwani anaweza kuufanya malipo ya kweli ndani ya kisa: mzimu wa pango hutega, wachezaji hushindwa, na mji walioutoa hufungwa kwao, bandari yake ikakataa chombo chao hadi msimu upite. Kikundi kilichokwisha kutoa Lamu, Pate na Siyu kwa jioni moja kitapaswa kufikiri vizuri kabla ya kutweka tanga. Mchezaji mjanja, kwa kawaida, atatoa kwanza mji anaodaiwa, na mwendesha aliye macho atampandisha mdai wake katika jahazi linalofuata.