Usiku Mmoja Juu ya Kilima cha Nyegezi



Katika kabati la ofisi ya parokia yetu, chini ya vitabu vya ubatizo, niliokota picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, pembe zake zimeliwa na mende. Yaonyesha jiwe kubwa limekaa juu ya jiwe jingine, na nyuma yake ziwa. Chini yake wamesimama watoto saba na mwalimu wao. Niliigeuza nione majina. Hapana neno hata moja. Mimi ni karani, kazi yangu ni kuandika majina na tarehe; picha ile ilinisikitisha kama mtoto aliyebatizwa asiandikwe kitabuni.

Bibi mmoja wa jumuiya yetu aliitazama kitambo, akasema, "Mjukuu wangu, jiwe hili liko kilimani, upande wa Luchelele. Tulikuwa tukichunga mbuzi pale." Basi nikaazimia kupanda, nilale huko, nipige picha nyingine mahali pale pale asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali.

Tulikuwa watatu, mimi na vijana wawili wa kwaya. Tulichukua maji, matobolwa, mablanketi, tochi, na simu yangu yenye kamera. Tulimwaga pia mwenyekiti wa mtaa, maana mtu aonekanaye kilimani usiku pasipo kuaga huzua maneno.

Jioni jua lilizama ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, upande wa Sengerema. Mimi nikalielekezea simu jua lenyewe mara nyingi, nikapata doa jeupe tu. Kijana mmoja akalipa jua mgongo, akapiga mawe yaliyoangaziwa, mekundu kama makaa. Picha yake moja ilishinda zangu zote. Msomaji, shika jambo hilo: usiwinde jua, tazama jua linaangazia nini.

Usiku ule mwezi haukuwapo. Wavuvi wanajua kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa kuwavuta kwa taa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta. Siku hizi wengi hutumia taa za betri. Ziwa likajaa taa hata ungedhani ni mji. Lakini gizani kamera haitaki kutikisika hata kidogo. Tukaiegemeza simu juu ya mfuko wa mchanga, tukazima taa yake, maana taa ile haifiki popote, tukaitega ijipige yenyewe baada ya sekunde 10 ili kidole kisiisukume. Picha mbili ziliharibika, ya tatu ikakubali.

Tulisali rozari, tukajifunika. Usingizi ulikuwa haba kwa baridi, nikapata nafasi ya kuwaza. Mawe haya ya Mwanza yana umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Ziwa lenyewe ni kijana mbele yao; wataalamu wasema lilikauka kisha likajaa tena kiasi cha miaka 15,000 iliyopita. Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza Speke alisimama kilimani katika nchi hii ya Mwanza akaliona ziwa, ambalo wenyeji walikuwa wakilivua tangu zamani. Kusini ya hapa, Bukumbi, Mapadre Weupe walifungua misheni mwaka 1883. Mawe yalikuwapo siku zote hizo.

Kulipopambazuka, jua lilitoka nchi kavu nyuma yetu, si ziwani, likagusa kwanza vilima vya ng'ambo. Nikaishika picha ya zamani mkononi, tukasogea huku na huku hata vilima vile vikakaa kama vilivyo pichani. Jiwe la chini tukaliona. La juu halikuwapo. Palikuwa na rundo la kokoto, na mama mmoja ameketi kando yake na nyundo. Nilimtambua, ni mjane wa parokia yetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, karani. Mbona mapema hivi?"

Nikamwonyesha picha. Akaitazama, kisha akaelekeza nyundo kwenye rundo. "Ndilo hili, mwanangu. Tulilichoma moto likapasuka. Limewavalisha watoto wangu wawili sare, likawanunulia madaftari hata wakamaliza kidato cha nne. Ulitaka niwaambie wakae nyumbani walitazame?"

Nilikuwa na maneno ya kuonya tayari kinywani. Nikayameza. Jiwe la miaka mingi kiasi hicho halirudi tena, ni kweli. Lakini na mtoto asiyesoma miaka yake hairudi. Tukiutaka uzuri wa vilima vyetu ubaki, na tuulize kwanza wajane watakula nini. Hilo nimeliomba lizungumzwe katika jumuiya zetu.

Nikamwomba ruhusa nimpige picha pale pale aliposimama yule mwalimu wa zamani. Akakubali, ila akanawa uso kwanza, akajifunga kitenge vizuri. Niliichapisha mjini, nikaandika nyuma jina lake, mahali, tarehe, na upande tuliotazama. Jumapili nikampa nakala. Sasa picha mbili zakaa pamoja kabatini.

Msomaji, mahali pako panabadilika pia. Tazama Kigongo na Busisi: watu walivuka kwa kivuko miaka mingi, na Juni 2025 likafunguliwa daraja la kilomita 3. Mtoto anayezaliwa leo atakijuaje kivuko, kama hakuna aliyekipiga picha? Basi piga picha ya kisima chenu, mti wa mkutano, kilima chenu. Usiiache ndani ya simu, kwa kuwa simu huibiwa na huanguka majini. Ichapishe, na uandike nyuma yake. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Na ile picha ya watoto saba bado iko ofisini. Bibi yetu amemtambua mmoja tu, kwa kovu la shavuni. Mwenye mzee nyumbani aliyesoma upande huu, na amlete aitazame. Nimeacha nafasi ya majina sita, na la mwalimu.