Mchezaji Huru, Shabiki Asiye Huru

Kila mwaka ikifika Juni, Tanzania hugeuka nchi ya wanasheria. Mtu ambaye hajawahi kusoma mkataba wake wa kupanga chumba atakueleza, bila karatasi mkononi, mkataba wa kiungo fulani unaisha tarehe ngapi, una kipengele gani cha kuongeza mwaka, na kwa nini mchezaji aliyebakiza miezi sita anaruhusiwa kuzungumza na timu nyingine. Ukimuuliza sheria hiyo ameisoma wapi, atakushangaa wewe. Kwani nani asiyejua?

Ilianzia mbali. Mwaka 1995 Mbelgiji mmoja, Jean-Marc Bosman, alishinda kesi katika Mahakama ya Haki ya Ulaya, na kutokea hapo mchezaji aliyemaliza mkataba akaweza kuondoka bila klabu mpya kulipa ada ya uhamisho. Kwanza ilikuwa ya Ulaya, baadaye ikaenea. Sisi tunamwita mchezaji huru. Nimelifikiria sana neno hilo, "huru", tangu Julai ya mwaka 2024, na nilichokifikiria kinahusu mji wa Katesh kuliko kinavyohusu mpira.

Katesh ni makao makuu ya Wilaya ya Hanang, kwenye barabara ya Babati kwenda Singida, chini kabisa ya mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Mimi si mtu wa huku. Nimetokea Tabora, kazi ya ualimu ndiyo iliyonileta. Mgeni akitaka kuishi vizuri mahali, lazima apate msikiti au kanisa lake, duka la kumkopesha, na kijiwe. Kijiwe changu kiko karibu na stendi: benchi mbili, jiko la mkaa, chai ya maziwa, bodaboda tano sita zimepangwa mbele. Julai huku ni baridi ya kweli, wazee wanakaa wamejifunika mashuka mazito, wanaonekana macho tu. Lakini ukitaja Simba au Yanga, shuka linafunguka.

Wengi wa hapo hawajawahi kukanyaga Uwanja wa Benjamin Mkapa. Dar es Salaam ni safari ya kutwa nzima na nauli ya kufikiria mara mbili. Timu hizi wamezipata kwenye redio, kwenye kibanda umiza, siku hizi kwenye simu. Hata hivyo, mtu wa Katesh anaugawa mji wake kama anavyougawa mtu wa Kariakoo. Yanga ni ya 1935, Simba ni ya 1936, na kila mmoja ana babu aliyemrithisha upande.

Mwaka ule mjadala ulikuwa mmoja: Clatous Chama. Mwamba wa Lusaka alifika Simba mwaka 2018 akitokea Lusaka Dynamos ya kwao Zambia. Sisi wa Msimbazi hatuhitaji kukumbushwa. Desemba mwaka huohuo, dhidi ya Nkana, bao lake la dakika za mwisho ndilo lililotupitisha. Machi 2019, dhidi ya AS Vita, ni yeye tena dakika ya 90, tukaingia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Mwaka 2021 akauzwa RS Berkane ya Morocco, Januari 2022 akarudi. Machi 2023 akawafunga Horoya mabao matatu peke yake siku tulipowapa saba. Mtu wa namna hiyo mkataba wake ulikuwa unaisha Juni 2024, na Yanga, mabingwa mara tatu mfululizo, walikuwa wanamtaka.

Kijiwe kiligawanyika, tena si kwa rangi za jezi tu. Wapo wana Simba waliosema aachwe aende, miaka 33 ni mingi, miguu haidanganyi. Wapo waliosema akienda wao mpira basi, watabaki na ng'ombe zao. Kwa upande wa Yanga nako wapo waliokuwa hawamtaki kabisa: "Tuna Aziz Ki, tuna Pacôme, tuna Maxi. Huyu tunamweka wapi, kwenye kabati?" Wengine walimtaka kwa sababu moja tu, kwamba Simba wataumia. Hiyo nayo ni sababu ya usajili, mtu asikudanganye.

Hoja iliyonifurahisha zaidi ilitoka kwa mzee mmoja Mbarabaig, Yanga wa zamani. Huku Hanang na Mbulu, kumkabidhi rafiki ng'ombe akutunzie ni jambo la kawaida. Ng'ombe anaweza kukaa kwa mwenzako miaka, maziwa anakunywa yeye, ndama mnaelewana. Mzee akatutazama sisi wa Simba, akauliza kwa upole: "Maziwa mmekunywa tangu 2018. Sasa mnamlilia ng'ombe au mnalilia maziwa?" Tulikaa kimya kama dakika nzima. Kisha kijana wetu mmoja akajibu kwamba ng'ombe akitoka kwako anarudi kwa mwenyewe, haendi kwa jirani mliyegombana naye mpaka wa shamba.

Siku ya mnada walikuwepo pia watu wa upande wa Mbulu, wa Haydom na Dongobesh. Mmoja wao, mzee wa makamo, akamleta John Stephen Akhwari, mtu wa kwao. Kila mtoto wa Mbulu anajua habari ya Akhwari: Olimpiki ya Mexico 1968, alianguka akaumia, akamaliza mbio ndefu mguu ukiwa umefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. "Yule ndiye mwanamichezo," akasema. "Hakuuliza mkataba unaisha lini." Kijana wa bodaboda akamjibu kwa adabu zote: "Shikamoo mzee. Lakini Akhwari alikuwa anakimbilia nchi yake. Chama nchi yake ni Zambia. Hapa yuko kazini, kama mwalimu hapa alivyo kazini. Mwalimu akipata uhamisho, tumwite msaliti?" Wakanigeukia mimi. Nikanywa chai.

Hadi hapa msomaji anaweza kuona ni porojo za kawaida za dirisha la usajili. Zingekuwa za kawaida kama zingekuwa za mwaka mwingine.

Tarehe 5 Novemba 2023 Yanga walitufunga 5-1. Nilipita stendi kesho yake kama mtu anayepita kwenye kichaka cha upupu. Kijana mmoja wa bodaboda alinisindikiza mpaka getini kwa shule, injini polepole, mkono mmoja juu, vidole vitano wazi, bila kusema neno. Alifanya hivyo wiki nzima. Nilipanga kumlipa mzunguko wa pili.

Jumapili ya tarehe 3 Desemba, wiki nne kamili baada ya mechi ile, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka kwa mvua. Tope, mawe na magogo vilishuka Katesh, Gendabi, Jorodom na vijiji vingine. Walikufa watu zaidi ya 80. Sitaeleza nilichokiona siku ile, wengi mliona picha. Nitasema tu kwamba kijana yule wa vidole vitano alimzika mama yake na mdogo wake wa kike.

Kijiwe kilirudi baada ya wiki kadhaa, lakini kilirudi bila mpira. Watu walizungumza juu ya mahema, magodoro, orodha za majina, nani ameonekana, nani bado. Baadaye wakazungumza juu ya viwanja na nyumba. Mechi zilichezwa, matokeo yalijulikana, hakuna aliyeyashangilia kwa sauti. Hakuna aliyekataza. Ila ungemtania nani? Kila uliyemtazama ulijua kilichotokea nyumbani kwake. Kijana yule aliendelea na bodaboda yake. Alinisalimia "Shikamoo, mwalimu", nikamjibu "Marahaba", tukaishia hapo. Miezi saba.

Ule mjadala wa Juni ulianza taratibu kama moto wa kuni mbichi, na yeye alikaa pembeni bila kuchangia. Tulimwacha.

Jumatatu, tarehe 1 Julai 2024, habari ikatoka kwamba Chama amemwaga wino Jangwani. Nilifika kijiweni jioni nikiwa nimeshajiandaa kwa maneno ya kila mtu. Hakuna aliyeanza. Kijana yule akashuka kwenye pikipiki, akaja mpaka mbele yangu, akanyanyua mkono, vidole vitano.

"Mwalimu," akasema, "zile tano mlisema mtalipiza. Basi mlipizaji tumemchukua."

Hakuna aliyecheka. Benchi zima liliangalia chini, halafu likaniangalia mimi. Nilielewa wanachosubiri. Ningeweza kutabasamu kidogo na kumwambia hongera, dogo, kama mtu anavyomwambia mgonjwa. Ingekuwa adabu. Lakini ningemrudisha palepale alipokuwa, penye pole.

Nikamwambia: "Miaka 33! Nyinyi mmesajili mchezaji au mmefungua kituo cha kulea wazee?"

Akacheka. Alicheka mpaka akashika kiti cha pikipiki. Ndipo kijiwe kizima kikalipuka, mzee wa ng'ombe akadai maziwa yake, mama wa chai akatutaka tupunguze kelele, na ubishi ukaenda mpaka giza likaingia.

Kwetu Tabora jambo hili lina jina na lina kazi yake. Mnyamwezi akifiwa, watani wake huja. Hawaji kulia tu. Wanaweza kumuiga marehemu alivyokuwa akitembea, wakazuia jeneza wakidai walipwe kwanza, wakamkejeli mfiwa mbele ya watu. Mgeni akiona atadhani ni utovu wa heshima. Mwenyeji anajua kwamba mtani ndiye mtu pekee mwenye ruhusa ya kumkumbusha mfiwa kuwa bado ni mtu wa kawaida, anayeweza kuudhiwa na kucheka. Ndugu hawezi kazi hiyo, jirani naye anaogopa.

Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi, na tumeyasema maneno hayo mara nyingi mpaka yamekuwa kama jina la mechi tu. Nilikuwa nimesahau kwamba "mtani" ni cheo chenye wajibu. Mji ule una Wairaqw, Wabarabaig, Wanyaturu, Wanyiramba na watu wa kuja kama mimi. Msiba ulipokuwa mkubwa kuliko taratibu za kila kabila, tulichokuwa nacho cha pamoja kwa kazi hiyo ni jezi mbili. Usajili wa Mzambia mmoja, ambaye huenda Katesh hajawahi hata kuisikia, ukatupa kisingizio.

Kwa hiyo wasomi wanaponiambia mashabiki wanapoteza muda kubishania mikataba isiyowahusu, sibishani nao. Mchezaji ana haki ya kuwa huru. Haruna Niyonzima alivuka 2017, Bernard Morrison 2020, Jonas Mkude 2023, na maisha yakaendelea. Shabiki ndiye asiye huru, mkataba wake hauna tarehe ya mwisho, na hilo nilikuwa nikiliona kama ujinga. Sasa naliona kama dhamana: kesho mtani wako atakuwepo palepale, na anajua ana ruhusa.

Chama mwenyewe hakuwa mfalme Jangwani kama alivyokuwa kwetu. Mwaka 2025 mkataba ukaisha, akawa huru tena, akaenda Singida Black Stars. Singida ni hapo tu, barabara hiihii, basi moja kutoka Katesh. Kijana wa bodaboda alinipa habari hiyo kabla sijaisoma popote. Akasema kama namtaka mzee wangu, nipande nyuma, atanipeleka mwenyewe nikamchukue, nauli tutaelewana.