Hela za Mjerumani (sehemu ya 4): dau liwe moja

Nimetoka zamu ya mchana, miguu imevimba, chai ya tangawizi iko mezani, kwa hiyo leo mtanisoma mpaka mwisho.

Tangu niweke picha ya ile sarafu yangu yenye tundu, inboksi imejaa. Nusu yenu mnauliza, "Nesi, hizi tunanunuaje kwenye mnada wa mtandaoni bila kulizwa?" Nusu nyingine mnaniandikia usiku wa manane, "Dada nina rupia, nipe mnunuzi wa milioni 40." Jibu lenu ni moja, ila nitaanza na wanunuzi. Nyie wa milioni 40 msiondoke.

Kwa waliokuja leo: mimi nakusanya sarafu za utawala wa Mjerumani. Mkiishi Tanga haziwi mbali nanyi. Reli ya Usambara ilianza kujengwa hapa hapa mwaka 1893, mkonge nao ukaingia miaka hiyo hiyo, na vibarua walilipwa kwa rupia. Mwanzoni rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 wakabadilisha, rupia ikawa heller 100, na babu zetu wakaitamka hela. Ndiyo hiyo hiyo hela unayomuomba mumeo kila asubuhi. Mjerumani kaondoka zaidi ya miaka mia, jina la sarafu yake bado tunalo mdomoni.

Ninayoitafuta mimi ni hela 5 ya mwaka 1908. Ni kubwa, ya shaba nyeusi nyeusi, inajaza kiganja cha mtoto. Taji upande mmoja, shada la majani upande wa pili, na herufi J kwa sababu ilipigwa Hamburg. Baba yangu alikuwa nayo kwenye kopo la Kimbo pamoja na misumari. Nilikuwa darasa la pili alipomuuzia mgeni mmoja pale stesheni kwa bei ya unga kilo kumi. Simlaumu, unga tuliula. Ila nikikuta picha yake kwenye simu mkono unaniwasha, na hapo ndipo maumivu yangu yalipoanzia.

Mara yangu ya kwanza eBay ya Ujerumani niliiona hiyo hela 5 ikiwa euro 12, siku sita zimebaki. Nikaweka 15 siku ile ile. Kosa la kwanza. Kesho yake mtu kaniruka. Mtandao ule unaficha majina, unaona herufi moja na nyota, kwa hiyo adui yangu nilimjua kama "b nyota nyota". Nikaweka 20, b akaweka 24. Nikaweka 30 nikiwa kwenye daladala ya Makorora. Siku ya mwisho nilikuwa nimeshasahau kabisa kwamba kichwani niliwahi kusema sitazidi 45. Sikutaka sarafu tena jamani, nilitaka b ashindwe. Nikashinda kwa euro 92. Pamoja na posta ilikuwa karibu laki tatu, na laki tatu hiyo ilikuwa ada ya muhula wa pili ya mwanangu. Nilikaa kimya siku nne kabla sijamwambia baba watoto. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

Miezi miwili baadaye hela 5 nzuri kuliko yangu ikauzwa euro 41. Nilikuwa naangalia tu, sina hata senti.

Sasa niwaambie nilichojifunza kwa ada ile. Ile mitandao ina kitu kinaitwa dau la juu kabisa. Ukiandika 45 wakati bei iko 12, haikurushi mpaka 45. Inakuwekea hatua moja tu juu ya mwenzako, na 45 yako inabaki siri. Kwa hiyo hakuna haja ya kupanda ngazi kidogo kidogo kama nilivyofanya mimi. Kila ukipanda unamwambia mwenzako kwamba kuna mtu anaitaka, na unampa siku nzima ya kufikiri upya. Ukiweka dau lako la kweli zikiwa zimebaki sekunde sita au saba, hana muda wa kupandwa na hasira. Hasira ndiyo inayolipa bei kubwa, waulizeni akina nesi.

Na namba isiwe ya mviringo. Watu wanapenda 40, 45, 50. Mkilingana anapewa aliyetangulia, na wewe wa sekunde ya mwisho hujatangulia. Andika 46.37. Nimeshashinda kwa senti hizo za ajabu ajabu mara mbili.

Angalia na saa. Minada mingi ya Wajerumani inafungwa Jumapili jioni, saa mbili usiku ya kwao. Wakati wa baridi hiyo ni saa nne usiku kwetu. Lakini Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa zao mbele, na saa mbili ile ile inakuwa saa tatu yetu. Mimi nilikaa kitini saa nne kasorobo, nimenawa na uso, najiona hodari, nikakuta mnada umefungwa dakika arobaini na tano zilizopita. Mwisho wa Oktoba wanarudisha.

Halafu kuna minada inayoongeza dakika kila mtu akiweka dau mwishoni. Hapo ujanja wa sekunde sita haufanyi kazi, kilichobaki ni namba yako tu. Nyumba kubwa za mnada za Ulaya nazo zina ada ya mnunuzi, mara nyingi asilimia 20 au zaidi juu ya bei iliyogongewa nyundo. Piga hesabu kinyumenyume: kama una euro 100 zote kwa zote, posta ni 18 na ada ni asilimia 20, dau lako lisizidi 68. Ushuru ukikukuta huku sijauhesabu. Nimeona watu wazima na digrii zao wakiweka 100 halafu wanashangaa ankara.

Namba yenyewe inatoka wapi? Hapa ndipo wengi mnakosea, wanunuzi na wauzaji. Msiangalie bei watu wanazoomba. Mtu anaweza kuomba milioni kwa kifungo cha koti, nani atamkataza? Kwenye mtandao kuna sehemu ya kuchuja vitu vilivyokwisha kuuzwa. Fungua hapo, tafuta sarafu ile ile, mwaka ule ule, herufi ile ile, hali ile ile, uone watu kumi wa mwisho walilipa nini kweli. Toa wa juu kabisa na wa chini kabisa. Katikati ya waliobaki ndipo bei ilipo. Andika kwenye karatasi, si kichwani. Mimi naandika nyuma ya kalenda ya jikoni, baba watoto anaiona.

Na omba picha ya pili. Ile yangu ya euro 92 ilipofika ilikuwa inang'aa kama sufuria la harusi. Ilikuwa imesuguliwa. Kwenye picha nilidhani ni mwanga wa taa. Wakusanyaji wanataka ile rangi ya uzee, ukiisugua kwa ndimu na jivu umeondoa nusu ya thamani au zaidi. Ni kama kigaga cha kidonda, kiache. Nawajua nyie wenye vikopo vya bibi, mmeshakimbilia jikoni kuchukua ndimu. Rudini.

Sasa wa milioni 40.

Mwaka jana kwenye korido ya wodi yetu alikuwepo mzee mmoja wa upande wa Pangani, anamuuguza mkewe. Siku ya tatu akaniita pembeni. "Mwanangu, wewe ni mtu wa Mungu, nikuoneshe kitu." Akafungua leso. Rupia mbili. Moja ya 1911, nyingine mwaka umefutika. Akaniambia kuna tajiri wa Dar anazitaka kila moja kwa milioni 25, zina zebaki ndani, ila kwanza atume laki sita za mashine ya kupimia. Ameshauza mbuzi wawili. Bado laki mbili, na mkewe alikuwa na vipimo vya kulipia wiki ile.

Nilikaa naye kwenye benchi, mapumziko yangu yote. Nikafungua simu, nikamuonesha rupia zilizouzwa, moja baada ya nyingine, za 1911 zilikuwemo. Euro 35. Euro 52. Euro 40. Nikamwambia, "Baba, hii ni fedha, ina thamani yake, lakini zebaki haimo. Zilipigwa kwa mamilioni." Nikamuonesha na ile ambayo kweli inauzwa maelfu ya euro: dhahabu ya rupia 15 ya mwaka 1916, yenye tembo na mlima, iliyopigwa Tabora wakati wa vita Mjerumani alipokuwa amefungiwa bahari. Zilitoka elfu 16 na kidogo tu. Hata hiyo, nikamwambia, hakuna anayeilipa milioni 40 kwa simu.

Akaikunja leso yake taratibu. "Nesi, nawe unataka kuninunulia rahisi."

Jamani. Lile neno nililala nalo. Na sikuwa na la kumjibu, maana ni kweli mimi ni mnunuzi, na yeye alijuaje kwamba sidanganyi? Angekuwa mjinga kuniamini haraka.

Alituma zile laki sita. Namba ikazimwa jioni ile ile. Vipimo vya mkewe vilichelewa siku tano mpaka ndugu wakachangishana. Alipona, alhamdulillahi, lakini zile siku tano mimi ndiye niliyekuwa nampima presha kila baada ya saa nne, na mzee anageuza uso ukutani nikiingia.

Baada ya wiki akarudi mwenyewe na leso. Nikamwambia sinunui, usije ukajiuliza maisha yako yote. Tukaenda kwa sonara mjini. Ile ya 1911 ikapima gramu 11.6, ndiyo inavyotakiwa, rupia halali ni 11.66. Ile iliyofutika mwaka ikanasa kwenye sumaku. Chuma kilichopakwa. Hata mwaka haukufutika, haukuwahi kuwepo vizuri. Nzuri tukaiweka kwenye mnada wa kundi la wakusanyaji, mimi nikiwa nje ya dau, picha mbele, nyuma na ukingoni, bei ya kuanzia ndogo ili watu wavutike. Ilifika laki moja na elfu kumi. Haikurudisha hata mbuzi mmoja na nusu. Alizihesabu mara mbili, akanipa elfu tano ya soda, nikakataa, akasema basi mpe mtoto.

Kuhusu haya makundi ya simu, tahadhari moja. Dalali akisema "tunafunga saa tatu" halafu saa tatu ikifika anasubiri wengine, na kuna jamaa mmoja anapandisha kila mnada wa dalali yule yule lakini hapokei mzigo hata siku moja, ondoka. Huyo ni shemeji yake. Namba yako ikipitwa, acha amuuzie shemeji.

Na mnaookota visarafu vidogo vya zamani kwenye magofu, Tongoni au Kilwa huko, hivyo si vya mnada kabisa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, kuvitoa nchini bila kibali ni kosa. Pelekeni kwa watu wa Mambo ya Kale, msiniletee mimi.

Mmeniuliza pia nafanyaje nikiwa zamu ya usiku, maana simu wodini haiingii. Naweka namba yangu mara moja kabla sijavaa sare, naifunga simu kabatini. Si mbinu nzuri kama ya sekunde sita, lakini mgonjwa hasubiri sekunde zangu. Jumapili iliyopita kulikuwa na hela 5 ya 1908, nyeusi vizuri, haijaguswa. Kwenye kalenda niliandika 47.60. Usiku ule tulipokea akina mama wanne, wa mwisho kajifungua saa kumi alfajiri, mtoto wa kiume, kilo tatu na nusu, kelele kama king'ora cha meli. Saa moja asubuhi nikafungua kabati. Imeuzwa euro 48.60. Euro moja. Na aliyeshinda, mtaniamini? Herufi ya kwanza b.

Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akauliza kuna nini. Muuzaji yule ana nyingine ya 1909, inafungwa Jumapili ijayo, saa tatu yetu maana sasa ni majira yao ya joto. Picha yake ina ukungu. Nimemwandikia anipigie upya, na ukingo wake uonekane.