Nyungunyungu Katika Chupa

Sisi wa Sangailu tunajua thamani ya mvua, kwani nchi yetu ni ya wafugaji. Masika, ambayo Wasomali huyaita Gu, yalipofika, wanangu wawili wadogo walichimbua nyungunyungu chini ya majani yaliyooza, wakaniletea. Nikaona ni nafasi njema ya kuwafundisha.

Tulitwaa chupa ya kioo yenye mdomo mpana, tukatia mchanga, kisha udongo mweusi, tabaka juu ya tabaka. Tukanyunyiza maji kidogo, tukaweka majani makavu juu, tukaifunika kwa kitambaa cheusi, kwa maana kiumbe huyu hapendi mwanga. Kila jioni watoto walifunua wakatazama.

Siku ya nne niliisahau chupa juani. Kufika adhuhuri, nyungunyungu wote walikuwa wamekufa. Mdogo akaniuliza, "Baba, si wewe uliyesema kwamba hupumua kwa ngozi, na ngozi ikikauka hufa?" Sikuwa na jibu, nilimwomba radhi.

Tulianza upya, chupa ikakaa kivulini. Baada ya majuma mawili tabaka zilikuwa zimechanganyika, na majani yamevutwa chini. Ndipo watoto walipofahamu jambo alilolieleza Mwingereza Charles Darwin katika kitabu chake cha mwaka 1881, kwamba nyungunyungu hulima ardhi bila jembe. Kisha tuliwarudisha walikotoka, kabla ya kiangazi.

Basi wazazi wenzangu, mwacheni mtoto ajifunze kwa mikono yake. Nanyi mkumbuke kukilinda kilicho hai, maana mtoto hutazama zaidi ya asikiavyo.