Siku Moja Ziwani Masoko

Akina mama wengi tunadhani matembezi ni ya watu wenye fedha. Sisi wa kikundi cha akina mama kanisani tulipotembelewa na wenzetu wa Iringa, tulichanga nauli, tukapika wali na maharage alfajiri, tukajaza chai kwenye chupa, tukaondoka Mbeya pamoja na watoto wetu.

Ziwa Masoko, ambalo wengine huliita Kisiba, liko wilayani Rungwe, kilomita 15 hivi kusini-mashariki ya mji wa Tukuyu. Ukishapita migomba na mashamba ya chai, unaliona chini yako, la mviringo kama bakuli, upana wake mita 700 hivi. Ni shimo lililoachwa na mlipuko wa volkeno miaka kama 50,000 iliyopita. Hakuna mto unaoingia wala unaotoka, na kina chake hufikia mita 37 hivi.

Humo mna samaki wadogo wa ukoo wa perege. Mwaka 2015 wanasayansi walieleza kwamba samaki hao wanaelekea kugawanyika kuwa aina mbili: madume wa karibu na ufuko ni wa manjano, na wa kilindini ni wa bluu iliyokoza. Watoto waliposikia hivyo walianza kuchungulia majini.

Karibu na ziwa lipo jengo la mawe la Wajerumani, waliokuwa na kikosi hapa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mei 1916 jeshi la Waingereza, likiongozwa na Jenerali Edward Northey, liliingia nchi hii kutoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Agosti mwaka huohuo likaingia Iringa. "Kumbe vita vyenu na vyetu ni kimoja!" wakasema wageni wetu. Baada ya Wajerumani, jengo lilitumika kama mahakama.

Wazee husimulia kwamba Wajerumani walipokimbia walitupa mali zao ziwani, na sarafu za kale zimewahi kuokotwa ufukoni. Hadithi hiyo ndiyo iliyotuponza. Tulipokuwa tukipakua chakula, kila mmoja wetu akiamini mwenzake anawatazama watoto, mtoto wa miaka saba aliteremka kutafuta sarafu. Mawe yalikuwa na utelezi. Tuligeuka tuliposikia kelele za wenzake, maji yakiwa yamemfika shingoni.

Mama yake alitaka kujitupa majini, naye hajui kuogelea. Tukamshika. Mama mmoja wa Iringa alifungua khanga yake, akalala kifudifudi ukingoni na kurusha pindo. "Shika khanga, mwanangu! Shika kwa mikono miwili!" Mtoto akashika, tukamvuta. Alikuwa akitetemeka na kulia, nasi tulishukuru kusikia kilio hicho.

Hatukumlaumu mama yake, kwa maana kosa lilikuwa letu sote. Tangu siku hiyo tumejiwekea utaratibu. Kila safari ya majini, mama mmoja huwa zamu ya kutazama watoto, hapiki wala hapigi soga, na baada ya nusu saa hupokewa na mwingine. Asiyejua kuogelea hajitupi majini. Hurusha khanga, kamba au tawi, na kuita watu. Mtoto akitolewa hapumui, tusimning'inize kichwa chini wala kumkandamiza tumbo. Tumlaze chali, tumpulizie pumzi mdomoni, tumkandamize katikati ya kifua, tukiendelea huku wengine wakitafuta gari la kumpeleka hospitali. Hata akizinduka, apelekwe akapimwe, maana maji yakiingia mapafuni huweza kuleta madhara baada ya saa kadhaa.

Chakula tulikila kimepoa, nacho kilikuwa kitamu. Jioni, ziwa lilipotulia, watoto waliimba na wageni wakatufundisha nyimbo zao. Masoko tutarudi. Nawe, mama mwenzetu, nenda ukapumzike na watoto wako, ila kabla ya kufungua sufuria, ulizaneni: zamu ya kutazama watoto ni ya nani?